Mashine Mpya na Joto la Ugogo



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya ufundi wa mashine huku kwetu Ugogo, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi tunaokumbuka karakana za zamani tumebaki wachache, na kila mkutano viti vitupu vinazidi. Ya pili ni mashine ile. Wote mnafahamu kwamba umoja wetu umechanga fedha ukanunua mashine ndogo ya mezani ya kuchonga chuma, ambayo mafundi huiita milingi, kwa ajili ya vijana wa karakana. Baadhi ya wanakamati wamependekeza kwamba siku ya mkutano mgeni wa heshima abonyeze swichi, na mashine ikate bamba la chuma lenye jina la shule mbele ya hadhara. Mimi nimepinga. Nasikia wengine mnauliza kama uzee umeniingiza woga. Jibu langu ni la historia, nalo linaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nawaomba subira.

Mashine mpya si mashine iliyo tayari. Dereva wa lori wa miaka ya 1960 alilijua hilo vema. Akikabidhiwa gari jipya alionywa asilikimbize wala kulitwisha mzigo kamili kwa maili mia kadhaa za kwanza. Mama zetu walilijua kabla yake, maana chungu kipya hakibandikwi juu ya moto mkali siku ya kwanza. Chuma nacho kina kuzoea kwake. Uso wa chuma uliosuguliwa kiwandani, hata uking'aa kama kioo, una vilima na mabonde ambayo jicho haliyaoni. Sehemu mbili mpya zinapokutana, vilele vya vilima hivyo ndivyo vinavyogusana kwanza. Husuguana, hupata moto, huvunjika, na vumbi lake huingia katika oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, ingawa machoni bado yaonekana safi.

Katika milingi yetu kuna mhimili unaoshika kisu na kukizungusha, nao umeegemea beringi zilizotiwa grisi. Mwanzoni grisi hiyo imekaa mabonge. Mhimili unapozunguka huivuruga, na kuvuruga huko peke yake huleta joto. Ukienda taratibu, joto hupanda, hufika mahali, kisha hushuka lenyewe grisi ya ziada ikisha kusukumwa pembeni. Ukienda mbio, pete ya ndani ya beringi hupata joto upesi kuliko pete ya nje, kwa kuwa ile ya nje imekumbatiwa na chuma kizito kinachoipoza. Pete ya ndani hutanuka, nafasi ya gololi hubana, msuguano huongezeka, na joto hupanda tena. Joto linazaa joto. Beringi ya namna hiyo yaweza kuharibika kabla hotuba ya mgeni haijafika ukurasa wa pili. Na hapa niwaonye vijana: msidhani kwamba dawa ni kuongeza grisi. Beringi ya mwendo wa kasi ijazwe theluthi moja hivi ya nafasi yake. Ukiishindilia mpaka pomoni, unaipikia joto.

Jambo hili wataalamu walilihangaikia tangu zamani. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyepewa cheo cha Kaunti Rumford kule Bavaria, alieleza jaribio alilolifanya katika kiwanda cha mizinga mjini Munich. Alichukua kekee butu, akaikandamiza ndani ya chuma cha mzinga kilichozungushwa kwa nguvu za farasi, chuma kikiwa kimezungukwa na maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka, na hapakuwa na moto. Watazamaji walistaajabu. Siku zile wasomi wengi waliamini kwamba joto ni kitu fulani kama majimaji kilichojificha ndani ya chuma, lakini Rumford aliona kwamba joto lile halikuwa na mwisho maadamu farasi anazunguka. Basi, kazi yote ya kukata chuma ni jaribio la Rumford linalorudiwa kila siku. Nguvu unayoilipia kwenye umeme karibu yote huishia kuwa joto. Swali ni joto hilo liende wapi.

Kwetu Ugogo swali hilo liliingia na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Tumezoea kusimuliwa habari za garimoshi na moto wake wa tanuri, lakini joto lililowasumbua wafanyakazi wa reli halikuwa la tanuri tu. Lilikuwa pia la magurudumu. Ekseli za mabehewa ya zamani hazikuwa na gololi. Zilizunguka juu ya kipande cha shaba ndani ya sanduku la chuma, na chini yake palishindiliwa nyuzi za pamba au sufu zilizoloweshwa oili. Vumbi likiingia au nyuzi zikikauka, sanduku hupata moto mpaka likatoa moshi, na likiachwa ekseli yaweza kukatika njiani. Utotoni mwangu nilikuwa nikiwatazama wale wazee katika stesheni ya Dodoma. Treni ikisimama, mmoja alitembea toka behewa hadi behewa na birika la oili lenye mdomo mrefu, akigusa kila sanduku kwa mgongo wa mkono. Kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu ngozi ya huko ni nyepesi kusikia, na ukiungua bado unaweza kushika spana. Hakuna aliyeandika kitabu juu ya mikono ile.

Ugogo una mambo yake ambayo mtengenezaji wa mashine wa Ulaya hayafikirii sana. Dodoma ipo kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya kumi hivi, kwa hiyo injini hupumua kidogo na feni hupoza kidogo. Maji huchemka karibu na digrii 96 za sentigredi badala ya 100, maana yake rejeta isiyo na mfuniko wa kubana huanza kutokota mapema. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, na upepo unabeba vumbi lenye mchanga mkali. Maji ya visima vingi yana chumvi, nayo huacha ukoko ndani ya boila na rejeta kama ule wa birika la chai, na ukoko huo huzuia joto kutoka. Usiku wa Julai ni baridi, mchana wa Oktoba na Novemba hupita digrii 30. Mashine inayofika hapa na kitabu cha maelekezo cha nchi za baridi imefika na nusu ya maelekezo.

Sasa nifike Kongwa, ambako kiini cha maneno yangu kipo.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Afrika Mashariki. John Wakefield, aliyekuwa amesimamia kilimo katika Tanganyika, aliongoza ujumbe wa kutazama ardhi, na kabla mwaka haujaisha mpango ulikuwa mezani: ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali. Wagogo walikuwa wakilima karanga katika vishamba vyao, na wageni walipoziona zimestawi walidhani kilichobaki ni kuzidisha kwa trekta. Mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walipiga hema Kongwa. Shabaha ya mwaka ule ilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa msimu wa kwanza zilikuwa 7,500 hivi. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36 na zaidi.

Vitabu vya historia vinataja sababu nyingi, na zote ni za kweli. Mvua ya Kongwa haina ahadi. Udongo wake mwekundu una mfinyanzi na chembe ngumu za mawe. Kiangazi huwa kama saruji, na ukilimwa husugua majembe mpaka yakaisha kama sabuni. Mizizi ya vichaka ilipinda visu vya buldoza. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana mizigo, na mwezi Septemba 1947 kukawa na mgomo mkubwa ulioanzia kwa makuli. Yote hayo nayakubali. Lakini mimi ni fundi, na naona ipo sababu moja ambayo wanahistoria huipita mbio kwa sababu hawajawahi kuishika mkononi. Mpango ule haukuwa na nafasi ya kuzoeza kitu chochote. Haukuzoeza ardhi, wala watu, wala mashine.

Fikirini ilivyokuwa. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka baada ya vita, basi yakanunuliwa makuukuu ya jeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, mengi yakiwa yamekwisha kuchoka kabla ya kupakiwa melini. Baadaye kampuni ya Vickers ilitumia sehemu za vifaru vya Sherman kuunda trekta lililoitwa Shervick, nalo halikuokoa jahazi. Mashine zilifika kabla ya karakana kuwa tayari, na vipuri vilikuwa haba. Madereva walifundishwa kwa haraka. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa hayakuweza kufanya kazi.

Baba yangu mdogo alikuwa spanaboi pale Kongwa, na ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa mambo haya. Alisimulia kwamba injini iliyofunguliwa na kutiwa ringi na beringi mpya ilitakiwa irudi porini jioni ile ile, na asubuhi iwe inasukuma mti. Nanyi mjue kusukuma mti kuna namna yake ya kuua injini. Trekta halisogei, kwa hiyo hakuna upepo wa mwendo wa kuipoza. Injini inanguruma kwa nguvu zote. Rejeta imezibwa na mbegu za nyasi na vumbi. Na maji ya kuongeza yako mbali. Injini iliyozoea yaweza kustahimili kwa muda. Injini iliyotoka kufungwa leo, ambayo vilima vyake bado vinakwanguana, haistahimili. Ringi hushika, beringi huyeyuka, na siku ya tatu lile trekta linarudi karakanani likiburutwa na mwenzake ambaye naye ni mgonjwa. Alisema mafundi Waafrika waliomba injini zilizotengenezwa ziachwe zinguruma polepole chini ya mti kwa siku nzima, bila mzigo, zikaguliwe jioni na kubadilishwa oili. Waliambiwa kwamba London inahesabu ekari.

Naam, London ilihesabu ekari, na hilo ndilo neno la kushika. Hesabu ya ekari haikuwa na safu ya kuandika joto la injini. Siku ya kuizoeza mashine ni siku ambayo haizalishi kitu kinachoonekana, na mpango uliopangwa kwa ekari kwa wiki huiona siku hiyo kuwa ni uvivu. Wale waliokuwa na elimu ya mgongo wa mkono ndio waliokuwa na mshahara mdogo kuliko wote, na sauti ndogo kuliko wote. Isidhaniwe kwamba wazungu wote walikuwa vipofu. Wengi walikuwa mafundi hodari waliotoka jeshini, nao walilalamika vilevile. Waliosikilizwa ni wale wa takwimu.

Kwa wale mliopita Kongwa miaka ya baadaye, mtakumbuka kwamba historia haikuishia kwenye karanga. Tawi la reli lililotoka Msagali halikudumu, na kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, kisha wa ANC na vyama vingine, walipewa kambi huko; wale wa ANC walikaa pale palipokuwa stesheni iliyoachwa. Lakini hiyo ni makala nyingine, na anayeijua vizuri ni mwenzetu mmoja ambaye namwachia aiandike.

Spanaboi wa Kongwa walikwenda wapi? Baadhi walirudi kulima. Baadhi waliingia kwenye reli, kwenye mabasi, kwenye karakana za Wahindi mjini Dodoma. Na wengi wao, au watoto wao, ndio waliokuja kusimamia mashine za kusaga. Mnakumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Kijiji kilichopata mashine ya kusaga kilijiona kimefika. Nyingi ziliendeshwa na injini za Lister kutoka Uingereza, zenye gurudumu zito pembeni na pipa la maji karibu yake. Pipa lile lilikuwa ndilo rejeta. Maji ya moto hupanda juu yenyewe, ya baridi hushuka chini, bila pampu. Mtu asiye na elimu ya darasani aliweza kuona na kuelewa, maana aligusa bomba la juu na bomba la chini akajua tofauti.

Na hapo ndipo wanawake wa Ugogo walipoingia katika historia hii. Nyundo mpya za mashine ya kusaga na chujio jipya huwa na kingo kali na vishimo vyenye mabaki ya kiwandani. Ukisaga mara moja kwa kasi na kwa kushindilia uwele, unga hutoka moto, umeungua kidogo, na ugali wake una harufu. Mama aliyetia mkono kwenye debe la unga alijua kwamba mashine inaumia kabla mwendeshaji hajajua. Kina mama wakisema unga ni wa moto, mwendeshaji mwenye akili alipunguza mtama mdomoni mwa mashine, akaiacha izunguke tupu kidogo. Mwendeshaji mwenye kiburi aliwaambia wasubiri zamu. Nawajua wa aina zote mbili, na najua mashine zipi zilidumu.

Milingi yenyewe ilichelewa kufika kwetu. Huko Marekani Joseph Brown alikuwa amekwisha kuunda milingi ya kazi zote mwaka 1862, hasa kwa ajili ya kuchonga mifereji ya kekee. Sisi tulikuwa na lethi za kukerezea, katika karakana za reli na za migodi, lakini kuchonga bapa, kuchonga njia ya ufunguo au meno ya gia, kulifanywa kwa patasi na tupa na jasho. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilisema itajitengenezea vyuma vyake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Mang'ula palikuwa na karakana iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. Hai, mkoani Kilimanjaro, kilijengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria, kikafanya kazi miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema, na nasema hivyo nikijua ilivyokwenda. Vipuri viliwekewa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo.

Katika miaka ile ile ya 1980 nilifanya kazi katika karakana moja ambayo sitaitaja. Tulipewa milingi mpya ya mezani, zawadi kutoka ng'ambo, ikiwa imepakwa ile grisi nzito ya safari ya bahari. Mkubwa wetu alitaka wageni waione ikifanya kazi siku ile ile ilipofunguliwa sandukuni. Sisi mafundi tuliomba wiki moja. Tulipewa asubuhi moja. Grisi ya safari ilifutwa juu juu, na chini yake mlibaki mchanga wa njiani. Mhimili ukazungushwa kwa kasi ya juu kabisa ili kelele yake ipendeze. Wageni wakapiga makofi. Baada ya dakika arobaini hivi kichwa cha mashine kilikuwa hakishikiki. Beringi zile ziliharibika, na kupata nyingine kulichukua miezi kumi na minne. Muda wote huo mashine ilifunikwa shuka, na vijana waliokuja kujifunza walijifunza kuifunua na kuifunika.

Basi turudi kwenye mashine yetu, ambayo ni ndogo kuliko ile, na udogo wake ni sababu ya kuwa na hadhari zaidi. Mashine kubwa ina chuma kingi cha kumeza joto. Yetu ina kichwa chembamba na mota iliyobanwa ndani ya kava. Mota hiyo hupozwa na feni iliyofungwa kwenye mhimili wake yenyewe. Kwa hiyo ukiizungusha polepole huku ukiikatisha kwa nguvu, joto ni jingi na feni ni dhaifu. Umeme ukipungua, mambo huwa mabaya zaidi. Vijana hudhani mwendo wa pole ni salama daima. Ni salama bila mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazamii, nalo ni vipimo. Mwaka 1931 mataifa yalikubaliana kwamba urefu wa vitu vya viwandani uhesabiwe katika digrii 20 za sentigredi. Chuma cha pua cha milimita 300 kikipata joto la digrii kumi zaidi hurefuka kwa sehemu tatu na nusu hivi za mia ya milimita, yaani karibu nusu ya unene wa unywele. Dodoma mchana wa Oktoba tayari tumezidi hizo digrii kumi. Kama kazi, mashine na kipimo vyote vimepata joto sawasawa, hakuna neno. Taabu huja joto lisipokuwa sawa: kichwa cha mashine kimefika 45, meza iko 28, na kipande cha chuma kimetoka juani. Hapo mhimili hurefuka kuelekea chini bila wewe kugusa gurudumu, na kisu kinakata ndani zaidi ya ulivyokusudia. Fundi asiyejua huilaumu mashine kwamba ni mbovu. Anayejua huiwasha kwanza, akaenda kunywa chai, akarudi kufanya kipimo cha mwisho joto likiwa limetulia.

Haya ndiyo niliyoyafanya pamoja na vijana wawili wa karakana tangu mashine ilipofika. Siku mbili za kwanza hatukuiwasha kabisa. Tuliifungua, tukaiosha grisi ya safari kwa mafuta ya taa na brashi, tukaifuta, tukatia oili njia za meza, tukaisukuma meza kwa mkono huku na huku mamia ya mara mpaka ule ukwaru uliokuwapo ukaondoka. Tuliiweka mbali na dirisha la magharibi, kwa maana jua la alasiri likipiga upande mmoja wa nguzo huipinda, kidogo sana lakini kweli. Dirisha lenyewe tulilitia kitambaa chenye maji kuzuia vumbi.

Kisha tukaanza kuuzungusha mhimili bila kisu kwa mwendo wa chini kabisa, dakika kumi, tukazima, tukagusa, tukaandika. Tukaongeza mwendo hatua moja, tukarudia. Kila siku hatua moja au mbili, si zaidi. Kanuni tuliyoifuata ni ya wale wazee wa stesheni, tukiongeza kipimajoto ili vijana waamini. Mkono ukiweza kukaa bila taabu, tuko salama. Ukilazimika kuuondoa baada ya sekunde chache, tumefika digrii 50 hivi au tumezidi, na tunapunguza. Ikivuka 60, tunazima na kuiacha ipoe kabisa, kisha tunaanza hatua ya nyuma. Siku ya nne, kwenye mwendo wa kati, joto lilipanda hadi 52, nikamwona kijana mmoja uso umembadilika. Hatukuzima, tulishusha hatua moja tukangoja. Baada ya robo saa lilianza kushuka. Siku ya tano, kwa mwendo ule ule, halikupita 44. Kijana yule alilitazama daftari kwa muda mrefu, akaomba aendelee kuandika yeye.

Bado hatujafika mwendo wa juu. Baada ya hapo tutakata mbao ngumu, kisha alumini kidogo kidogo, kisha chuma laini, na beringi za kichwa zitakaguliwa kabla ya kukabidhi. Kwa hesabu yangu ni wiki tatu, na mkutano wetu ni baada ya siku kumi na moja.

Nimezungumza na mwenyekiti, naye amekubali mpango huu. Bamba lenye jina la shule litachongwa kwa patasi na tupa, kama tulivyofundishwa, na mzee mmoja wa darasa la mwaka 1968 amekwisha kulianza. Mashine itakuwapo mezani ikizunguka kwa mwendo wa kati bila kisu. Mgeni wa heshima atapewa daftari asome namba za siku iliyotangulia, kisha ataombwa aweke mgongo wa mkono wake juu ya kichwa cha mashine na kumwambia kijana joto analolisikia, naye kijana aliandike na saa yake. Sabuni na ndoo ya maji vitakuwa karibu na mlango.